Heliamu, Mapovu na Kriptoni: Upimaji wa Mivujo ya Gesi katika Vikasha Vilivyozibwa

Ndani ya saa ya mkononi mna kikasha kidogo cha chuma au kauri, na ndani ya kikasha hicho kipande cha fuwele ya kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Ndani ya betri ya moyo, ile inayopandikizwa kifuani mwa mgonjwa ambaye mapigo yake yamelegea, mna saketi zilizofungiwa katika ganda la titani lililochomelewa kwa leza. Gari lenye mifuko ya hewa ya kumkinga abiria lina kihisi cha mwendo kilicho ndani ya kikasha kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Swichi za rilei na leza zinazosukuma mawasiliano ya intaneti kwenye nyaya za kioo nazo zina sehemu za aina hii.

Vikasha hivi huzibwa kiwandani vikiwa na naitrojeni kavu au ombwe, na hutakiwa kubaki hivyo kwa miaka 10, 20 au zaidi. Hewa ikiingia, adui mkubwa ni mvuke wa maji uliomo. Maji hula nyuzi nyembamba za alumini, hupitisha umeme pasipotakiwa, na huganda penye baridi. Kwa fuwele ya kwatzi hata hewa kavu ni tatizo: huikwaza isiteteme sawasawa, na saa hupoteza majira. Kwa hiyo kila kikasha hupimwa kabla hakijatoka kiwandani. Ugumu ni kwamba kikasha hakina mlango wala valvu ya kuingizia kipimo, na tundu linalotafutwa huenda likawa jembamba kuliko unywele mara mia.

Utata unaanzia wapi

Mkanganyiko wa kwanza ni wa maneno. Simu hutangazwa kuwa haiingii maji, na mnunuzi huamini kwamba hakuna kinachoingia. Alama ya IP67 inayotajwa kwenye matangazo hayo ina maana nyembamba: kifaa kilizamishwa kwenye maji ya kina kisichozidi mita moja kwa dakika 30 na maji hayakuingia kwa kiasi cha kukiharibu. Maji yakiwa majimaji hushikana yenyewe kwa yenyewe na hukwama mlangoni mwa tundu dogo. Yakiwa mvuke, kila molekuli husafiri peke yake na hupita. Kifaa kinaweza kufaulu kipimo cha kuzamishwa na bado kikawa kinapumua hewa ya nje mchana na usiku.

Mkanganyiko wa pili unahusu gundi, mpira na plastiki. Vitu hivi havihitaji kuwa na tundu ili vipitishe mvuke, kwa sababu molekuli za maji huyeyuka ndani yake upande mmoja na kutokea upande wa pili. Betri ya moyo ya kwanza kupandikizwa mwilini, tarehe 8 Oktoba 1958 katika hospitali ya Karolinska nchini Sweden, ilisubiwa kwa epoksi ndani ya kopo la dawa ya viatu. Epoksi ilikuwa nyenzo nzuri ya siku zile, lakini hakuna unene wake unaoweza kuzuia mvuke kwa miaka, na katika miaka ya 1970 watengenezaji walihamia kwenye maganda ya titani. Mpaka leo kuziba kwa maana kamili kunatokana na chuma, kioo na kauri tu. Kikasha kilichobandikwa kwa gundi kinaweza kufaa kwa kazi yake, lakini kukipima kama cha chuma ni kujidanganya.

Wa tatu ndio mzito zaidi, na umewapoteza hata wahandisi wenye uzoefu: tarakimu inayosomeka kwenye mashine ya kupimia si ukubwa wa mvujo.

Tarakimu bila ujazo haisemi kitu

Mvujo huelezwa kwa kiasi cha hewa, kwa shinikizo la kawaida la angahewa, kinachopita katika sekunde moja. Mvujo wa 10⁻⁸ maana yake ni sehemu moja ya milioni mia ya sentimita moja ya ujazo kwa sekunde. Kwa mtu asiyezoea, kiasi hicho ni sawa na sifuri. Kama ni sifuri au si sifuri, inategemea kikasha kina ukubwa gani.

Kikasha chenye nafasi ya sentimita 1 ya ujazo na mvujo wa 10⁻⁸ huchukua takriban miaka 3 mpaka karibu theluthi mbili ya gesi yake ibadilishwe na hewa ya nje. Kikasha cha 0.01, kwa mvujo ule ule, huchukua chini ya siku 12. Cha 0.001, ambao ni ukubwa wa kawaida kwa vijisehemu vya simu za leo, hubadilishwa kwa saa 28 hivi. Ili kikasha kidogo namna hiyo kidumu miaka 30, mvujo wake haupaswi kuzidi 10⁻¹², na mashine nyingi za kawaida haziwezi kuushika mvujo wa kiasi hicho kwa njia zilizozoeleka.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kanuni za kijeshi za Marekani, MIL-STD-883, zilizofuatwa na viwanda vingi duniani, huruhusu mvuke usiozidi sehemu 5,000 kwa milioni ndani ya kikasha. Kikomo hicho kina sababu yake: chini ya kiasi hicho umande haujitengenezi mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 0, na hapo mvuke huwa barafu isiyosafirisha chumvi zinazokula chuma. Hewa ya Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa ikiwa na joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 hubeba mvuke wa takriban sehemu 30,000 kwa milioni. Kikasha cha 0.01 chenye mvujo wa 10⁻⁸ kikiwekwa katika hewa hiyo hufikia kikomo kwa saa 40 hivi, ukiachilia mbali maji yanayonyonywa na kuta zake za ndani. Kikiwekwa penye ubaridi wa nyuzi 10 na unyevu wa asilimia 65, huchukua siku 9. Bado ni muda mfupi mno kwa kitu kinachotakiwa kuishi miaka 20, lakini ni dhahiri kwamba pwani ya joto haina huruma na mvujo ambao ungechelewa kugunduliwa kwingine.

Kwa miaka mingi majedwali ya kanuni yaliruhusu mvujo wa 5×10⁻⁸ kwa vikasha vya chini ya 0.01. Hesabu iliyo hapo juu inatosha kuonyesha kwamba kikasha kilichofaulu kwa kikomo hicho kingeweza kujaa hewa ya nje ndani ya siku chache. Kikomo kilitokana na uwezo wa mashine za wakati ule, na mahitaji ya kikasha yalikuja nyuma. Marekebisho ya baadaye yameibana mivujo kwa vifaa vya daraja la juu, na hilo lilipaswa kufanywa mapema.

Heliamu: njia kuu na upofu wake

Mashine inayotegemewa zaidi ni spektromita inayotambua atomi za heliamu kwa uzito wake. Ilizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale Alfred Nier na wenzake walipohitaji kutafuta mivujo katika mabomba yasiyohesabika ya kiwanda cha urani cha K-25 huko Oak Ridge, Marekani. Heliamu ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Atomi yake ni ndogo, haishikamani kikemia na chochote, na katika hewa ya kawaida imo kwa sehemu 5 tu kwa milioni, kwa hiyo mashine haichanganyikiwi na heliamu ya chumbani. Kwenye tundu jembamba hupita kwa kasi ya mara 2.7 ya hewa.

Kwa kuwa kikasha kimeshazibwa, heliamu huingizwa kwa nguvu kupitia tundu lenyewe. Vikasha hutiwa kwenye chombo cha chuma na kushinikizwa kwa heliamu, tuseme ya angahewa 5 kwa saa 2. Hutolewa, hupepewa, kisha huwekwa kwenye chemba ndogo yenye ombwe iliyounganishwa na spektromita. Kilichoingia sasa hutoka, na mashine hukihesabu.

Udhaifu umo ndani ya maelezo hayo hayo. Mwaka 1965 Howl na Mann walichapisha hesabu inayounganisha tarakimu ya mashine na mvujo halisi, na mchoro wa hesabu hiyo hupanda, hufika kileleni, kisha huporomoka. Kikasha cha 0.01 kilichoshinikizwa kama ilivyoelezwa na kupimwa baada ya saa moja kinaonyesha jambo hilo vizuri. Kikomo kikiwa mvujo wa 5×10⁻⁸, mashine inapaswa kusoma takriban 6×10⁻⁸. Kinachosoma zaidi ya hapo hukataliwa. Kikasha chenye mvujo mzuri wa 10⁻⁸ husoma karibu 2.6×10⁻⁹ na kufaulu. Kikasha chenye mvujo wa 10⁻⁵, mbaya kuliko kikomo mara 200, kilijaa heliamu haraka, lakini katika ile saa moja ya kusubiri karibu yote imekwisha kutoka. Kwa kadirio kitasoma 8×10⁻⁹, nacho kitafaulu. Chenye mvujo wa 10⁻⁴ hakisomi kitu. Kwa mashine, kikasha hicho ndicho safi kuliko vyote.

Hapa ndipo penye chanzo cha malalamiko mengi ya wanunuzi kwamba kiwanda kimoja kimepitisha kundi la vikasha na kingine kimelikataa. Viwanda vyote viwili huenda vilipima kwa uaminifu, ila kimoja kilisubiri dakika 10 na kingine saa nzima. Tarakimu iliyoandikwa kwenye cheti bila shinikizo, muda wa kushinikiza, muda wa kusubiri na ujazo wa kikasha haiwezi kulinganishwa na tarakimu nyingine yoyote.

Upande wa pili kuna uongo wa kuonea. Heliamu hunasa kwenye gundi, kwenye vinyweleo vya kauri na kwenye kioo, ambacho huipitisha taratibu hata kama hakina ufa. Ikitoka huko hufanana kabisa na mvujo, na kikasha kizima hutupwa. Dawa yake ni kusubiri au kupasha moto kidogo, na kila dakika ya kusubiri huzidisha upofu wa kwanza. Mvutano huo hauishi, hupunguzwa tu.

Njia mojawapo ya kuupunguza ni kukizibia kikasha ndani ya kisanduku chenye mchanganyiko wa naitrojeni na heliamu, asilimia 10 au 20, ili kisihitaji kushinikizwa baadaye. Maganda ya betri za moyo hunufaika sana na njia hii, kwa kuwa yana ujazo wa sentimita kadhaa na heliamu yake haiishi upesi. Kwa kikasha cha 0.001, tundu kubwa litaimaliza kabla fundi hajakifikisha kwenye mashine.

Heliamu yenyewe si mali ya kudumu. Hutoka ardhini pamoja na gesi nyingine, na ikipotea angani hairudi. Wazalishaji wakubwa kama Marekani na Qatar wakitikisika, bei hutikisika. Ndiyo maana tangazo la mwaka 2016 la watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham kuhusu heliamu katika bonde la Rukwa, Tanzania, lilifuatiliwa kwa makini mbali na Afrika Mashariki.

Mapovu ya kushika mivujo mikubwa

Kwa kuwa heliamu hailioni tundu kubwa, kipimo cha pili ni lazima. Msingi wake anaujua kila fundi pancha anayezamisha tyubu kwenye beseni na kungoja mapovu. Kiwandani beseni hujazwa florokaboni iliyopashwa moto hadi nyuzi 125. Gesi ndani ya kikasha hutanuka kwa theluthi moja na kusukumwa nje. Mvujo wa 10⁻⁴ hutoa povu la upana wa milimita moja kila baada ya sekunde 5, na jicho hulikamata. Mvujo wa 10⁻⁵ hutoa povu kama hilo kwa karibu dakika nzima, na hapo jicho huanza kushindwa.

Ujazo tena ndio unaoamua. Kikasha cha 0.001 kina gesi ya ziada isiyotosha hata povu moja la milimita moja. Kwa hiyo huanza kwa kushinikizwa ndani ya florokaboni nyepesi inayochemka kwenye nyuzi 56. Kikitiwa kwenye beseni la nyuzi 125, kile kilichoingia huchemka na kutoa msururu wa mapovu. Kipimo cha heliamu lazima kitangulie, kwani kimiminika kikishaingia kwenye tundu jembamba hulifunga, na mvujo mdogo hujificha nyuma yake.

Njia hii ni rahisi na haihitaji mtaalamu wa fizikia. Inategemea macho ya mtu aliyekaa mbele ya kioo cha beseni tangu asubuhi, na macho huchoka. Pia ina deni kwa mazingira: florokaboni za aina hii hudumu hewani kwa maelfu ya miaka, na joto zinalolinasa ni maelfu ya mara ya lile la kaboni dioksidi. Desemba 2022 kampuni ya 3M, iliyokuwa ikitengeneza vimiminika vinavyotumika zaidi, ilitangaza kuacha familia nzima ya kemikali hizo kufikia mwisho wa 2025. Viwanda vilivyoandika taratibu zake kwa kutaja kimiminika kimoja vililazimika kuanza upya.

Mbadala mmoja mkavu ni wa shinikizo. Kikasha huwekwa kwenye chemba inayokibana, kiasi kinachojulikana cha hewa huachiliwa humo, na shinikizo husomwa. Kikasha chenye tundu hukubali sehemu ya hewa hiyo, na shinikizo hushuka zaidi ya ilivyotarajiwa. Ni kipimo cha sekunde chache, hakina kemikali, lakini huishia kwenye mivujo mikubwa.

Kriptoni, mwanga, na heliamu inayolimbikizwa

Kriptoni-85 ni gesi yenye mnururisho, nusu-maisha yake miaka 10.8. Vikasha hushinikizwa kwa hewa iliyochanganywa nayo kidogo, kisha kila kimoja huwekwa kwenye kihesabio. Sehemu ndogo ya miale yake ni ya gama inayopenya ukuta wa kikasha, kwa hiyo kriptoni huhesabiwa ikiwa ndani, bila kungojewa itoke. Tofauti hiyo ni kubwa. Heliamu hupimwa kwa kile ambacho kikasha kinapoteza. Kriptoni hupimwa kwa kile ambacho kikasha kimebaki nacho. Mvujo mdogo sana, ambao mtiririko wake hauwezi kusomwa, huacha alama inayohesabika.

Gharama yake haiko kwenye usahihi. Kiwanda kinahitaji kibali cha mamlaka ya mionzi, ulinzi wa wafanyakazi, na njia ya kurudisha gesi yote kwenye tangi. Vikasha vyenye matundu makubwa navyo hupoteza kriptoni vikicheleweshwa, japo upofu huo ni mwembamba kuliko wa heliamu. Kwa kiwanda kinachotengeneza mamilioni ya vijisehemu vya ndege au mwili wa binadamu, mzigo huo unabebeka. Kwa karakana ndogo haubebeki.

Kipimo cha mwanga hutumia kifuniko cha kikasha kama kiwambo cha ngoma. Vikasha vingi hupangwa kwenye chemba, shinikizo hupandishwa, na leza hupima jinsi kila kifuniko kinavyobonyea. Kifuniko kisichobonyea kabisa kina tundu kubwa nyuma yake; kinachobonyea kisha kurudi polepole kina tundu dogo. Hapa mivujo mikubwa na midogo huonekana katika kipimo kimoja. Sharti ni kifuniko kiwe chembamba kiasi cha kubonyea, na ganda la titani la betri ya moyo halikubali.

Spektromita za kulimbikiza nazo hutafuta heliamu ile ile, lakini huzuia gesi nyingine kwa pampu ya baridi kali na kuiacha heliamu ijikusanye badala ya kuipima ikipita. Kwa namna hiyo hufikia 10⁻¹³, na kwa kusoma pia gesi nyingine zinazotoka mara tu chemba inapofunguliwa, huona hata tundu kubwa. Ni mashine za gharama na hazina haraka.

Kutoboa

Vipimo vyote vilivyotajwa hukisia kilichomo ndani. Kipo kimoja kisichokisia: kikasha hupashwa moto hadi nyuzi 100, sindano hutoboa kifuniko ndani ya ombwe, na spektromita husoma gesi zote zilizotoka. Mvuke ukiwa mwingi pamoja na oksijeni na argoni kwa uwiano wa hewa ya kawaida, kikasha kilivuja. Mvuke ukiwa mwingi bila argoni, maji yalifungiwa ndani tangu kiwandani, pengine kwa gundi ambayo haikukauka. Hakuna kipimo kingine kinachotenganisha makosa hayo mawili, na dawa zake ni tofauti kabisa. Udhaifu wake ni kwamba kikasha kilichotobolewa hakitumiki tena.

Kipi kwa kazi ipi

Kwa vikasha vinavyozidi sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo, heliamu ikifuatwa na mapovu au kipimo kikavu cha shinikizo inatosha, na hakuna sababu ya kununua kitu ghali zaidi. Heliamu yake haiishi upesi na kilele cha mchoro wa Howl na Mann kiko mbali. Kati ya ujazo huo na 0.01, njia ile ile hufaa mradi shinikizo na muda vikokotolewe kwa kila aina ya kikasha, na vikasha vipimwe ndani ya dakika chache baada ya kutolewa. Kunakili masharti kutoka jedwali la zamani kwa kikasha chochote ni kosa linalofanyika mno.

Chini ya 0.01 hoja ya mazoea hukosa nguvu. Eneo ambalo heliamu imekwisha kupotea na mapovu hayajaanza kuonekana hupanuka kadiri kikasha kinavyopungua, na vikasha vibovu hupita katikati. Hapo chaguo la haki ni kriptoni, mwanga au heliamu ya kulimbikizwa, na uamuzi kati yake hutegemea kifuniko, kibali cha mionzi na wingi wa vikasha. Bei ya mashine hulinganishwa mara nyingi na bei ya mashine nyingine. Ingefaa ilinganishwe na upasuaji wa pili wa mgonjwa ambaye kifaa chake kililowa ndani.

Kwa vikasha vidogo kabisa vya fuwele na vihisi vya mwendo, wahandisi wamegeukia kikasha chenyewe. Fuwele inayotetema katika ombwe huwa na ukinzani mdogo wa umeme; hewa ikiingia, ukinzani hupanda. Kikasha hushinikizwa kwa gesi, ukinzani hupimwa kabla na baada, na tofauti huonyesha mvujo bila spektromita yoyote. Kipimo hiki hukagua kila kikasha kwa gharama ndogo na hakijali tundu ni kubwa au dogo. Hata hivyo kinaeleza tu kwamba gesi imeingia. Imeingia gesi gani, na ilipitia ufa au ilitoka kwenye kuta zenyewe, ni sindano ya kutobolea inayojibu, kwa vikasha vichache vilivyochaguliwa kutoka katika kila kundi.